Dirisha la Tatu

Saa kumi na mbili na nusu, ukungu haujaondoka Karura.
Kijana mwenye kalamu nene ananishika mkono
kama nesi anayetafuta mshipa,
anaandika 217.
Wino ni baridi. Julai ya Nairobi haina mzaha
na mtu aliyevaa kaptura.

Mimi ndiye ninayewagawia watu namba,
dirisha la tatu, jengo la serikali:
subiri uitwe, mama; subiri uitwe, mzee.
Leo nangoja mimi, miguu peku kwenye umande,
kati ya wanaume wenye mapaja ya farasi
na baiskeli za bei ya ploti kule Kamulu.

Bwawa hili lilikuwa machimbo.
Mawe yalitoka humu yakaenda kuwa nyumba za wengine,
shimo likabaki, mvua ikalijaza.
Maji yana rangi ya chai ya mkandaa.
Nilijifunza kuogelea nina miaka arobaini na mmoja,
Jumanne jioni, kidimbwi cha hoteli moja South B,
nimekumbatia ubao wa plastiki
pamoja na watoto wa darasa la pili
walioniita Anti Jiwe.
Maji ukiyavulia nguo, walisema wahenga.
Hawakuniona nikiyavulia hata soni.

Filimbi.

Kiwiko cha mtu puani. Kisigino.
Naona weusi, naona kijani,
naona mkono wangu ukipita na namba yake
kama wa mtu mwingine anayeniaga.
Pumzi tatu, kichwa juu, boya liko wapi?
Pumzi tatu, kichwa juu,
boya limehama, naapa limehama.

Halafu tope.
Sitalisimulia lote. Udongo mweusi si ardhi, ni mkopo:
kila mzunguko unaongezewa riba,
gurudumu linanenepa mpaka linagoma,
nami nalichokora kwa kijiti, natukana kwa Kikamba,
lugha aliyonitunzia mama kwa mambo mazito.
Kwenye mteremko wa mikaratusi breki zinalia,
mzizi, mzizi, jiwe,
mbingu.
Siafu walinifikia kabla ya maumivu.

Mnyororo umekatika.
Namba 88 anapita, "Pole, dada!"
na pole yake inabaki ikining'inia matawini.
Juu ya tawi kima ameketi, ananitazama.
Naujua mtazamo ule. Ni wangu,
saa saba kasoro, foleni ndefu, chai inapoa.

Basi nikaibeba. Kilomita nne begani.
Nililipa kwa fundi Kiluva, mia tano kila mwisho wa mwezi,
mwaka mzima na miezi miwili.
Imenibeba sana. Hatudaiani.

Kwenye kukimbia sikuwa tena na miguu.
Nilikuwa na sauti tu, ile ya kazini,
kavu, isiyompendelea mtu:
mia moja na nne, sogea.
Mia moja na tano, sogea.
Mia moja na sita hayupo? Anayefuata.
Mianzi ikapita. Kijito kikapita, au nilikipita, sikumbuki.
Kuna mahali nililia kidogo, si kwa huzuni,
mwili ulikuwa unatoa kilichobaki.

Nilipofika walikuwa wanalitoa hewa lile tao,
limeinama upande kama mlevi.
Walibaki muuza ndizi, mwenye saa,
na binti yangu Mutanu, amenuna kwa hofu,
ameshika sweta langu kwa mikono yote miwili.
Mwenye saa akakunjua tena karatasi aliyokwisha kuikunja.
"Mia mbili kumi na saba," akasema,
si kwa nguvu.

Jumatatu namba haijatoka.
Nimeisugua kwa sabuni ya mche, lakini si sana,
na nimevaa mikono mifupi, baridi yote hii.
Mzee mmoja anainama dirishani,
anausoma mkono wangu, anasoma tiketi yake.
"Kumbe nawe unangoja?"
Nagonga muhuri.
Nikiinuka kufuata faili, mapaja yananichoma
mpaka nashika meza.